Jora la bafta chini ya kaunta

Redio ilikuwa inamkumbuka Sokoine, yule waziri mkuu aliyewasaka walanguzi, kama inavyofanya kila Aprili 12, mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, mhujumu uchumi ndiye nani?" Nikamjibu upesi: ni mtu aliyeficha bidhaa ili aje kuziuza kwa bei ya kulangua. Akaridhika, akarudi kwenye mpira wake. Mimi ndiye niliyebaki na kazi, maana nilipotamka kuficha nilimwona Mzee wa Kiko amesimama nyuma ya kaunta yake, tumbaku ya Sikonge inanukia hadi barabarani.

Ndiye aliyeniajiri kwanza. Nilimaliza darasa la saba 1982, sikuchaguliwa, na Mama akanishika mkono mpaka dukani kwake karibu na stesheni ya Tabora. Hawakuongea sana. Mzee aliniuliza kama najua kujumlisha, nikasema najua, akasema kesho uje umenawa. Basi.

Wasiokuwepo wakati ule hawatajua duka lilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu 1979, lakini rafu zilikuwa tupu. Sukari ilikuja kwa mgawo kutoka RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, sabuni ya mche ikionekana mjini habari inafika mtaa wa Ng'ambo kabla gari halijashusha. Watu walipanga mawe kwenye foleni tangu usiku, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Treni ya Dar ikifika inakatwa pale Tabora, mabehewa mengine yaende Mwanza, mengine Kigoma, na abiria wakishuka kunyoosha miguu wanakuja dukani kuulizia chumvi.

Viberiti navyo vilikuwa vya shida. Mzee alikuwa na boksi moja la kuuza na hakugusa hata njiti yake. Akitaka kuwasha kiko alinituma barazani kwa fundi cherehani, nimwombe kaa moja kutoka kwenye pasi yake ya mkaa. Nalileta kwa koleo, naye analishikiza juu ya tumbaku kwa ncha ya kisu, anavuta mashavu ndani, moshi unatoka. Fundi alikuwa analalamika kwamba pasi yake inapoa kwa ajili ya mapafu ya mtu mwingine.

Wakati wa kupima hakuvuta. Kiko alikiweka kwenye kisahani cha bati, akarudi nyuma hatua moja, akaacha mshale wa mizani utulie wenyewe huku mteja anautazama. Mimi pia alinikataza kuinamia mizani nikiwa napumua. Nadhani ndiyo sababu watu walivuka maduka mengine kuja kwake, ingawa bei ilikuwa ileile ya serikali kila mahali.

Chini ya kaunta, ndani ya gunia lililozungushiwa magazeti, kulikuwa na jora la bafta nyeupe. Hilo halikuuzwa kwa mtu aliyetaka shati wala shuka. Lilikatwa kukiwa na msiba tu. Nguo zilikuwa hazipatikani, na tulishasikia watu waliozikwa kwa mapazia. Mzee alikuwa na daftari lake: tarehe, jina la marehemu, mita ngapi, nani amechukua, amelipa nini. Safu ile ya mwisho ilijaa neno "bado".

Mwaka 1983 ukaguzi wa kuwasaka wahujumu uchumi ukaanza. Sina haja ya kueleza sana. Usiku watu walitupa mali mitoni na kuzika majora mashambani, asubuhi kila mmoja anamtazama jirani yake. Nasi tukafikiwa. Walikuja watatu: ofisa mwenye suti ya Kaunda, mgambo mwenye rungu, na balozi wetu wa nyumba kumi ambaye hakutaka kunitazama usoni, kwa kuwa juzi yake tu alikuwa amekunywa kahawa kwenye benchi letu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumekuja kukagua."

"Kijana, wafungulie."

Nikawafungulia ghala. Chumvi nusu gunia, pipa la mafuta ya taa, sukari ya mgawo na karatasi zake. Ofisa anaandika, kila kitu kinalingana. Nilishaanza kupumua, mgambo akainama chini ya kaunta, akavuta gunia.

"Hiki kimefichwa hiki!"

Nje foleni ilikuwa ndefu, na yote ilisikia. Mtu mmoja akasema, "Hata huyu?" Sauti ile ninaisikia hadi leo. Mzee alikuwa anavuta. Akakitoa kiko mdomoni, akakiweka kwenye kisahani chake, akafuta mikono kwenye msuli.

"Ndugu mwenye duka, jora hili mbona haliko rafuni?"

"Hilo si la kuvaliwa."

"Ni la nani?"

"Bado hatujamjua."

Ofisa akamtazama. Alikuwa kijana bado, vidole vina wino. Hakuuliza tena, akaniambia nishike ncha ya nguo tupime. Kaunta ile ilikuwa na misumari miwili ya shaba iliyogongewa mbaoni, kutoka mmoja hadi mwingine ni mita. Nikavuta, mgambo akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nguo ikawa inajaa kwenye kaunta, inamwagikia upande wa wateja, nao wakasogea nyuma isiwaguse. Hakuna aliyewaambia wasogee. Magazeti yalikuwa yameacha wino kwenye mikunjo ya juu, na jora zima lilinuka tumbaku. Ilibidi wote waliosimama pale wanusie sanda zao.

Kisha Mzee akamsogezea daftari. Ofisa akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na majina, si kwa haraka. Balozi akasema polepole, "Huyo ni shemeji yangu, huyo." Hesabu ya mita ilitimia. Ofisa akalifunga.

"Mzee wangu, nimekuelewa. Lakini nikikuachia wewe hili, kesho yule aliyeficha sabuni ataniambia ni ya kuoshea maiti. Nitamjibu nini?"

Mzee akafikiri kweli, nilimwona anafikiri. "Huna la kumjibu," akasema.

Hawakumchukua. Jora likapandishwa rafuni, liuzwe kwa bei iliyopangwa kwa yeyote mwenye fedha, na kabla jua halijazama likawa limekwisha. Mashati ya shule, mashuka, foronya. Waliolinunua hawakuwa wabaya, wengi walikuwa na watoto waliokuwa wanakwenda shule na viraka.

Wiki ileile alikufa mke wa kuli mmoja wa stesheni. Kuli akaja, akasimama mlangoni, hakuomba kitu kwa maneno. Mzee akaenda nyumbani akarudi na kanzu yake ya Idi, bado ina mikunjo ya sandukuni, na shuka mbili. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Fundi cherehani akaacha kazi zake, akakaa barazani na wembe, akafumua kanzu mshono kwa mshono, kola, mikono, mbavu, bila kuchana nguo. Mimi nilikuwa nachambua nyuzi. Siku ile Mzee hakunituma kwenda kuomba kaa.

Kaka yangu, yule wa Isevya, alikuwa mgambo miaka ile, ingawa si yeye aliyekuja kwetu. Hadi leo anashikilia kwamba ofisa alitenda haki, kwamba walanguzi walimtesa Mama kwenye foleni na kama kila mwenye sababu nzuri angeachiwa, sukari tusingeionja. Ni kweli Mama aliteseka. Nami nilimpenda Sokoine, nililia alipokufa Dakawa 1984, wala silii kwa kufuata mkumbo. Lakini kaka akifika kwenye neno haki ninamuuliza habari za mke wa kuli, naye ananiuliza habari za watoto wenye viraka, tunaishia hapo, shemeji anatuletea chai.

Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na taratibu nguo zikarudi madukani. Mzee alipopata jora jingine aliligawa mwenyewe kwa mkasi: nusu rafuni, nusu chini ya kaunta, na daftari jipya. Nilimwambia sasa bafta ipo kila duka, ya nini tena? Akasema ipo kwa wenye fedha.

Jioni hii nitampigia kaka nimsomee haya. Najua atakavyojibu, na nina hakika hatakubali hiyo ya nusu kwa nusu.