Rangi za Grafu Nilizozipata Dunga

Nilianza kwa aibu. Kikundi cha wavuvi hapa Kisumu kilinipa daftari lao la mizani niwachoree grafu ya samaki wanaoletwa ufuoni mwezi kwa mwezi: omena, mbuta na ngege. Nikaichora kwa rangi ambazo programu hujichagulia yenyewe, ikapendeza kwenye kioo. Kisha nikaenda saiba kutoa kopi ishirini, nyeusi na nyeupe, maana za rangi ni bei. Mkutanoni mama mmoja muuza samaki akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Mwanangu, omena wangu ni mstari upi hapa?" Hata mimi nilishindwa kumwonyesha.

Nikasema, grafu ya ziwa na ichukue rangi ziwani. Alfajiri moja nikapiga picha ufuo wa Dunga: mafunjo, magugu maji yaliyochanua, mashua ya buluu imelalia matope. Nikaandika programu fupi kwa Python, lugha ya kompyuta, inayoweka pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) zinazofanana katika mafungu matano na kutoa rangi ya wastani ya kila fungu. Nilichopata: kijivu, kijivu chenye matope, kahawia, kijani kilichofifia, na kijivu kingine. Zambarau ya maua, ambayo ndiyo iliyonifanya nitoe simu mfukoni, haikuwemo kabisa.

Siku mbili zilipita kabla sijaelewa. Kompyuta ilikuwa inahesabu eneo tu, na maua yalikuwa vidoa vichache katikati ya maji mengi. Nikaikata picha vipande: cha maua peke yake, cha ubavu wa mashua, cha mafunjo. Kila kipande nikakitolea rangi yake, na zambarau ikaja, kwa msimbo wa rangi wa kompyuta: #9A86C4. Pia niliacha kupima tofauti za rangi kwa RGB (viwango vya nyekundu, kijani na buluu), nikahamia Lab, mfumo wa mwaka 1976 uliotengenezwa ili umbali kati ya namba ukaribiane na tofauti inayoonwa na jicho. Ile L ni mwangaza, kuanzia 0 ya weusi hadi 100 ya weupe. Ukitaka mistari itofautiane kwenye kopi ya saiba, tenganisha L zao. Inawafaa pia wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wapo, hasa wanaume.

Kazi tamu zaidi ilikuwa ramani ya magugu maji, iliyohitaji rangi zinazokolea kadiri magugu yanavyozidi. Hapo nikatumia picha ya magharibi, jua likizama ziwani. Nilichora mstari kutoka upeo wa maji hadi juu angani, nikachukua rangi tano njiani: manjano hafifu, chungwa, waridi, zambarau, na samawati iliyokaribia usiku. L zake zilikuwa 88, 74, 71, 45 na 30. Chungwa na waridi, 74 na 71, zinavutia machoni lakini kwenye ramani zingesomeka kama kitu kimoja. Nikaishusha waridi hadi 59. Mwenye picha atalalamika kwamba anga haikuwa hivyo. Ni kweli, ila mimi nilikuwa nachora ramani.

Safari ya pili nilijaribu kopi moja kwanza. Mistari mitatu ikasimama mbalimbali, na kila samaki nikamwandika jina mwishoni mwa mstari wake, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Mkutanoni nikaja na kopi zangu pamoja na karatasi moja kubwa ya rangi, nikaibandika ukutani. Yule mama akamwona omena wake mara moja. Kisha akamnyooshea kidole mbuta.

"Huyu umempa rangi ya maua ya magugu?"

"Ndiyo, mama. Nimeitoa Dunga."

"Magugu yananasa nyavu zetu, yanaziba njia ya mashua, halafu mbuta ndiye uvalishe maua yake?"

Wazee wakacheka, lakini hakuna aliyempinga. Jioni hiyo mbuta alichukua buluu ya mashua.