Mlango Uliochoka Kutazamwa

Insha ile niliisahihisha mara mbili. Mara ya kwanza niliipa alama 11 kati ya 20. Wiki tatu baadaye niliipa 16. Haikuwa imebadilishwa hata nukta. Kilichoondolewa ni jina la aliyeiandika, pamoja na mwandiko wake.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha lugha. Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80 katika mikondo miwili, na nilijivunia kwamba ukiniokotea daftari sakafuni, ningemtaja mwenyewe kwa kusoma mstari mmoja tu. Niliamini hayo ndiyo mapenzi ya kazi: kuwajua watoto wako. Nilipokuwa nasahihisha usiku, kila karatasi ilikuja na uso wake, nami niliisoma kana kwamba mwenyewe amesimama mbele yangu akinisimulia.

Mvulana niliyempa 11 alikaa dirishani. Kabla hajafika kwangu nilikuwa nimemfundisha kaka yake, na kaka yake alinichosha. Alichelewa, alijibizana, na safari moja alinikabidhi insha aliyoinakili neno kwa neno kutoka kitabuni. Orodha ya darasa jipya ilipobandikwa, mwalimu mwenzangu aliweka kidole kwenye jina lile la ukoo akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Tukacheka, tukaendelea na shughuli zetu. Sikuamua kumchukia mvulana yule, na kwa kweli sikumchukia. Nilimsalimia vizuri, nilimpa zamu ya kusoma kama wenzake. Lakini alipotazama nje nilisema moyoni, "Ameanza." Mwanafunzi mwingine akitazama nje nilisema, "Anawaza."

Aliyekuwa akiwaza, mara nyingi, ni msichana wa safu ya mbele. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, pambizo zake zimenyooka, na aliniuliza maswali ya aina ambayo hunifanya nijione mwalimu mzuri. Hilo la mwisho limenichukua miaka kulikiri. Nilimpenda kwa namna alivyonifanya nijione.

Mada ya insha ilikuwa "Siku Niliyomngoja Mtu". Nilisahihisha zote kwa siku nne, nikarudisha madaftari, nikaingiza alama kwenye kitabu cha maendeleo. Kwangu shughuli ilikuwa imekwisha.

Mkuu wa idara yetu alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache. Hakuwa akimsaka mchawi. Alitaka tu kujua kama sisi walimu wanne wa lugha tunapima kwa mizani moja, kwa sababu alama zetu zilikuwa zikipishana mno kati ya darasa na darasa. Basi aliomba madaftari kutoka kila mkondo, akachagua insha kumi, akazichapa mwenyewe kwenye kompyuta, makosa ya tahajia akiyaacha yalivyo. Juu ya kila moja aliweka namba badala ya jina. Alasiri moja, vipindi vilipokwisha, alituketisha katika chumba cha walimu akatugawia nakala. Kila mmoja asahihishe zote kumi, bila kuzungumza.

Nne kati ya hizo zilitoka kwenye madarasa yangu, ingawa wakati ule sikujua ni zipi. Unaweza kushangaa: si nilishazisoma? Nilikuwa nimesoma zaidi ya 80 juu ya mada ileile, zote zina kungoja, zote zina mlango au barabara. Bila mwandiko zilikuwa kama watu niliowazoea kwa nguo zao tu.

Namba 4 ilikuwa safi. Ilianza vizuri, ikamaliza vizuri, na katikati mwandishi alifurahi sana, kisha akahuzunika sana, kisha akafurahi tena mgeni alipofika. Niliandika chini yake, "Imenyooka, ila haina uhai," nikaipa 12.

Nikafika namba 7. Ilimhusu mtoto anayemngoja mama yake atoke hospitali. Tahajia ilikuwa na kasoro, aya moja ilikuwa ndefu kupita kiasi. Kisha nikakuta sentensi hii: "Nilimngoja hadi mlango ukachoka kutazamwa." Nikaweka kalamu chini. Nikaisoma tena. Pembeni nikaandika, "Taswira safi sana!" Na papo hapo nikajua hii ni ya nani. Ni yule wa safu ya mbele, nani mwingine? Aya zilizobaki nilizisoma kwa sauti yake. Tahajia iliyokosewa nikaisamehe, nikiamini ni haraka tu. Nikatoa 16.

Hapo pananisumbua kuliko pote, ndiyo maana sipiti haraka. Jina lilikuwa limefichwa. Hakuna aliyeniambia insha ni ya nani. Mimi mwenyewe, nilipokuta kitu kizuri, nilitafuta mtu wa kumpa, na niliyempata ni yule niliyekwisha kuamua kwamba vitu vizuri hutoka kwake.

Tulipomaliza, mkuu wa idara alileta madaftari yenyewe, akaanza kulinganisha alama mpya na za zamani. Insha mbili za darasani kwangu zilikuwa zimesogea kwa alama moja moja, jambo la kawaida kwa insha. Namba 4 ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 12. Nilitazama daftari lake: mwandiko wa duara, pambizo zilizonyooka.

"Na namba 7?" niliuliza, ingawa mikono yangu ilikwisha kupata baridi.

Hakusema kitu. Alinisogezea daftari likiwa wazi. Mwandiko ulioinama kushoto niliujua kabla ya kusoma neno. Chini ya sentensi ile ya mlango palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni maneno yangu mwenyewe: "Mlango hauchoki. Andika kinachoeleweka." Mwishoni mwa ukurasa, chini ya 11, niliandika swali jingine: "Umeinakili wapi?"

Nilikaa na ukurasa ule hadi wenzangu wakaondoka. Kwenye karatasi moja nilikuwa nimemshtaki mtoto kwa kutojua kuandika, kisha nikamshtaki kwa kuandika vizuri kuliko ninavyomruhusu. Mashtaka mawili yanayopingana, kwa kalamu moja, usiku mmoja, wala sikuona.

Ningekuwa nimeiona sentensi nzuri nikaamua kuikata alama, kosa lingekuwa la dhuluma na ningejua namna ya kutubu. Lakini haikuwa hivyo. Naukumbuka usiku ule. Nilipofika kwenye mlango uliochoka nilijikwaa kweli, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Sentensi ilikuwa mbovu machoni pangu. Wiki tatu baadaye sentensi hiyohiyo ilikuwa nzuri machoni pangu, na uzuri wake nao niliuona kweli. Upendeleo haukunijia kama hukumu ningeweza kuipinga. Ulinijia kama kuona.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni, na siku zote niliichukua kuwa ya wapendanao. Kumbe ina upande wa pili ambao sikuufikiria: ukimtilia mtu shaka, jicho lake zima huliita chongo.

Nilianza kusoma juu ya jambo hili, mwanzoni kwa kutafuta ahueni. Nilikuta Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha kuliandika mwaka 1920, alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao. Aliyepewa alama za juu kwa umbo alielekea kupewa za juu kwa akili, kwa uongozi na kwa tabia pia, kana kwamba sifa moja imemwagika ikazilowesha nyingine zote. Nikafikiri juu ya pambizo zilizonyooka.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa John Darley na Paget Gross, uliochapishwa Marekani mwaka 1983. Waliwaonesha wanafunzi wa chuo kikuu video ya msichana wa darasa la nne aliyeitwa Hannah. Baadhi walimwona kwanza katika mazingira ya watu wenye nafasi, wengine katika mazingira ya watu duni. Walioishia hapo hawakuthubutu kusema uwezo wake unapishana na wa darasa lake. Lakini wapo walioendelea kutazama sehemu ya pili, Hannah akijibu maswali ya mtihani, video ileile kwa wote, akipata mengine na kukosa mengine. Hao ndio waliogawanyika: waliodhani ametoka kwenye nafasi walimweka juu ya darasa lake, wengine wakamweka chini yake, na kila upande ulitaja mtihani uleule kuwa ushahidi.

Ukitafakari hilo linatisha. Dhana peke yake ilikuwa na haya. Ilipopewa ushahidi ndipo ikapata ujasiri. Mimi nami, ungeniuliza siku ya kwanza ya muhula kama mvulana wa dirishani hajui kuandika, ningejibu kwamba siwezi kusema, bado sijasoma kazi yake. Baada ya kuisoma ndipo nilipokuwa na uhakika.

Sikupata ahueni niliyoitafuta. Nilikuta pia kazi ya Emily Pronin na wenzake ya mwaka 2002, inayoonesha kwamba watu huyaona mapendeleo haya kwa wengine kuliko kwao wenyewe. Nilipoisoma, wa kwanza kunijia akilini alikuwa yule mwalimu aliyesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wa kwanza alikuwa yeye, si mimi.

Nilimwita mvulana mapumziko ya asubuhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno usiku kucha, na yote yakapotea. Nilimwambia tu kwamba nilikosea, kwamba insha yake ilikuwa ya 16 na nimeshairekebisha kwenye kitabu, kwamba swali lile la kunakili halikuwa na msingi na naomba anisamehe. Kisha nikampa nakala iliyochapwa, aone nilichoandika pembeni.

Aliisoma taratibu. Aliligusa neno "Taswira" kwa kidole. Kisha akageuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele, akatazama juu palipo na namba.

"Mwalimu," alisema, "hapa hukujua ni mimi."

"Sikujua."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa jambo na kulithibitisha. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika. Alikunja karatasi mara mbili, akaniuliza kama anaweza kwenda.

La msichana sikulimaliza. Kama 11 ilikuwa ya uongo, basi 17 nayo ilikuwa ya uongo, lakini sikuishusha. Nilijiambia kwamba haiwezekani kumwadhibu mtoto kwa kosa la mwalimu, na bado naona hoja hiyo ina uzito. Ila nadhani pia sikutaka kuuona uso wake ukibadilika. Miezi iliyofuata nilianza kumwandikia ukweli, kwamba sentensi zake zinajua pa kwenda mno, kwamba ajaribu kupotea kidogo. Aliumia, kisha akaanza kuandika vizuri zaidi. Kumsifu kwangu kote kulikuwa kumemnyima hicho.

Tangu alasiri ile sisahihishi nikiwa nauona ukurasa wa jina. Wanafunzi huandika majina nyuma, nami hukunjua baada ya alama kuandikwa kwa wino. Mwandiko siwezi kuuficha, kwa hiyo nikihisi namjua mwandishi, huiweka karatasi kando na kuirudia kesho yake, nikianzia aya ya mwisho. Si dawa kamili. Namba 7 ilinionesha kwamba hata pasipo na jina nitamwazima mtu.

Mvulana nilikaa naye mwaka mzima baada ya hapo. Insha iliyofuata ile aliileta mapema, tahajia imenyooka, aya fupifupi. Ilikuwa juu ya safari. Gari liliondoka, gari likafika. Nilimuuliza, kwa upole niliokuwa nao wote, mbona safari hii hakuna kitu kilichochoka, hakuna kitu kilichofanya kisichotarajiwa.

"Ulisema niandike kinachoeleweka, Mwalimu."

Nilimwambia asahau nilichosema. Akaahidi kujaribu. Zilikuja insha nyingine tano, zote sahihi, 13, 14, 13. Kila nilipokunjua nyuma ya karatasi nikalikuta jina lake, niliirudia kutoka mwanzo, mstari kwa mstari, nikitafuta mlango.