Nilivyolipata jina la keya wetu, na nilivyomtafuta mpagazi

Kwetu ni Matombo, Morogoro Vijijini. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, bibi mzaa mama hutaja watu wawili ambao hakuna ajuaye makaburi yao. Mmoja ni babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati Mjerumani na Mwingereza wanapigana. Mwingine ni mjomba wake, keya, yaani askari wa jeshi la King's African Rifles la Mwingereza, aliyepelekwa Burma (Myanmar ya leo) asirudi. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, wewe uko Dar, serikali yote iko huko. Nitafutie walipoandikwa hawa watu." Serikali ilikuwa imeshahamia Dodoma, lakini sikubishana naye.

Nilianzia Posta, kwenye Sanamu la Askari. Nilikuwa nimelipita miaka nenda miaka rudi bila kulisoma, na kwa kweli kulisoma si kazi ndogo: inabidi uvuke hadi katikati ya mzunguko, na madereva wa Samora hawana subira na mtu anayeshangaa sanamu. Askari ni wa shaba, ameinama mbele kama anayenyatia, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Miguu amezungushia vitambaa hadi chini ya magoti. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na sanamu lilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake palisimama sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambalo Waingereza waliliondoa walipouteka mji mwaka 1916.

Maandishi yako chini, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari wenyeji, yanawakumbuka wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi iliyotungwa na Rudyard Kipling: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikazunguka pande zote kutafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Nilidhani labda yamewekwa mahali pengine, nikaenda kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo. Pale ni pazuri, majani yamekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari. Makaburi ya Vita vya Kwanza ni 660, na hapo sipo yalipoanzia. Yalikuwa Ocean Road, yakahamishwa mwaka 1968 kupisha barabara. Ilipofika zamu ya Waafrika, Wakristo kwa Waislamu, ikaonekana kwamba tangu mwanzo hawakuwekewa alama mmoja mmoja. Wakazikwa upya kwa pamoja, kila kaburi la pamoja likajengewa kiukuta cha kumbukumbu. Ndani ya uzio huohuo kuna mnara wenye majina zaidi ya 1,500 ya watu waliokufa kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Nikapata matumaini, maana babu wa bibi alichukuliwa wakati huohuo, akaelekea upande wa Rufiji. Nikasogea. Ni mnara wa Waingereza na Wahindi.

Baadaye nilisoma sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 waliosimamia makaburi ya vita waliamua kwamba Waafrika wa huku wakumbukwe kwa masanamu, moja Dar es Salaam, moja Nairobi, moja Mombasa, badala ya kuandikwa majina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri hayo katika ripoti ya Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa upande wa Mwingereza pekee waliokufa katika vita vile, wanahistoria huwakadiria karibu 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara damu, malaria na njaa, mtu akiwa na mzigo kichwani.

Sasa hapa naomba niseme langu. Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza, alipigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, siku mbili tatu za mguu kutoka kwetu. Ana kaburi lenye jina, na pori zima la akiba likaitwa kwa jina lake. Sina ugomvi naye. Lakini chakula chake na risasi zake zilifikaje Beho Beho?

Kwa mjomba mambo yalikuwa tofauti, na hii ndiyo sehemu itakayomsaidia mwenye mzee aliyekufa Vita vya Pili. Katika vita vile majina ya Waafrika yaliandikwa. Askari aliyekufa Burma bila kaburi linalojulikana anatakiwa kuwa kwenye mnara wa Rangoon, ulio katika makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Huna haja ya kupanda ndege, kwa sababu Tume ina tovuti ya kutafuta majina na ni bure. Unachagua vita, jeshi na kikosi, unaandika jina.

Niliandika jina tulilozoea nyumbani, halikutoka kitu. Nikabadilisha herufi, nikaweka l mahali pa r, nikaongeza i mwishoni, wapi! Ndipo nikagundua sijui hata aliandikishwa kwa jina gani. Nyumbani aliitwa kwa jina la Kiluguru, na mzungu wa kuandikisha huenda alipewa jina la ubatizo. Nikamuuliza bibi, naye alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Ukimuuliza mtu wa umri wake mwaka, hupati kitu. Uliza nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa ameolewa, shamba lilikuwa upande gani. Kwa njia hiyo tulifika kwenye kitu kimoja cha maana: mjomba alibatizwa pamoja na mama yake bibi, siku moja, wote wakiwa wakubwa.

Nikaenda parokiani. Katekista akanitolea daftari la ubatizo, kurasa zimeshakuwa rangi ya chai, mwandiko wa padre umelala kama mtama uliopigwa na upepo. Tulimtafuta mama yake bibi kwanza, kwa kuwa yeye jina tulilijua. Mstari uliofuata ulikuwa wa kaka yake: jina la ubatizo, jina la baba, kijiji. Nikapiga picha kwa simu baada ya kuomba ruhusa.

Niliporudi kwenye tovuti nilifanya jambo ambalo ningependa wengine waanze nalo. Kuna sehemu ya kutafutia ndani ya maelezo ya ziada. Wengi wa askari wetu wa Vita vya Pili wameandikiwa humo kuwa ni mwana wa fulani, wakati mwingine na mke, kijiji na wilaya. Niliacha jina lake, nikaandika la baba yake pamoja na Morogoro. Akatoka mmoja. Batalioni ya 36 ya King's African Rifles, moja ya batalioni za Tanganyika, Novemba 1944, mnara wa Rangoon. Jina la kijiji limekosewa herufi moja, lakini ni chetu.

Tarehe ile ilinieleza zaidi ya nilivyotarajia. Batalioni ya 36 ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopitia Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mazoezi, kisha ikaingia bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika ya kule, kwenye tope na malaria, ikiwasukuma Wajapani hadi ikauchukua mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba 1944. Mjomba alikosa wiki chache tu.

Tovuti hutoa cheti chenye jina, cheo, namba na mahali pa kumbukumbu. Nilikiprinti stesheneri, nikakifunika plastiki, nikampelekea bibi. Alikishika juu chini, maana hajui kusoma, akaniuliza kama Rangoon kuna kanisa. Nikamwambia lipo. Akaridhika. Kisha akauliza, "Na babu yangu?"

Kwa babu sikuwa na tovuti wala daftari, kwa kuwa hakubatizwa. Nilichofanya ni kuandika anachojua bibi: jina, ukoo, mahali walipokamatwa, na habari iliyoletwa na mwenzake aliyerudi kwamba aliugua tumbo njiani wakamwacha chini ya mti. Nikaenda na daftari hilo kwa wazee wa vijiji vya jirani, nikawauliza nani kwenu alichukuliwa siku zile. Wengine walinifukuza kwa upole wakidhani ni mambo ya ardhi. Wengi walitaja. Mama mmoja alitaja kaka wawili wa babu yake, akaimba na wimbo waliokuwa wakiimba wakipanda mlima na mizigo, mistari miwili tu, mingine imempotea. Niliuandika pia.

Nakala moja nimempa katekista, nyingine nikaipeleka ofisi ya kijiji. Mtendaji aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akanitazama, akauliza tunadai fidia kiasi gani. Nikamwambia hatudai, tunaomba muhuri tu ili isitupwe. Akacheka, akavuta kidau cha wino, akagonga kila ukurasa.