Mlima wangu ulikuwa kichuguu

Kilele cha Table Mountain, mlima wa Cape Town, Afrika Kusini, kiko mita 1,086 juu ya usawa wa bahari. Lubumbashi, kwetu Kongo, iko kwenye mita 1,200 hivi. Kitanda changu cha Katuba, mtaa wangu wa Lubumbashi, basi, kiko juu kuliko mlima niliokwenda kukimbia juu yake. Lakini Ultra-Trail Cape Town, mbio za milimani, zile za kilomita 100, ina zaidi ya mita 4,000 za kupanda ukijumlisha vilima vyote, na ulichopanda lazima ukishuke. Kwetu unaweza kukimbia hadi mji wa Kipushi bila kukutana na mteremko hata mmoja wa kukutetemesha magoti.

Tulicho nacho ni vichuguu. Aliyekulia Katanga anavijua: vile vikubwa vinavyofika mita 8 na zaidi, miti imeota juu yake, udongo wake wajawazito wanaula na mafundi wanaufyatulia matofali. Nilichagua kimoja pembeni mwa barabara ya Kipushi, upande mmoja umesimama wima, upande wa pili una kokoto. Mita 4,000 ukigawanya kwa 8 ni kupanda mara 500. Nilizigawa katika asubuhi nyingi za kiangazi, kuanzia baridi ya mwezi wa sita hadi joto la mwezi wa kumi, ambapo saa mbili asubuhi jua limeshakuwa kali.

Mzee mmoja mfyatua matofali alinitazama siku kadhaa bila kusema neno. Mwishowe akaniita: «Mama, uko natafuta nini kule yulu?»

«Natafuta miguu ya kushukia, papa.»

Akafikiri, kisha akawaambia vijana wake waanze kukata kichuguu kingine. Sijui kama kuna mdhamini aliyewahi kumpa mkimbiaji kitu kikubwa kuliko hicho.

Nilisema kushuka, na nilimaanisha kushuka. Kazi yangu ni kinezi, nawasaidia waliovunjika miguu kutembea tena, kwa hiyo jambo hili naliona kila siku. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikaza huku ukifupika. Ukishuka, unajikaza huku ukivutwa kuwa mrefu, maana ndio unaouzuia mwili usianguke mbele. Kazi hiyo ndiyo inayouchana ndani kwa ndani, na maumivu yake hukomaa siku ya pili. Habari njema ni kwamba msuli hukumbuka: ukiushusha kidogo leo, ukaupumzisha, ukaushusha tena, safari inayofuata maumivu yanapungua. Mapafu ya mtu wa Lubumbashi yana nafuu kidogo huko chini pwani, lakini mapaja yake hayana mwalimu. Nikapanda taratibu, nikashuka mbio.

Siku za Jumapili nilikwenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60. Mdogo wangu alinifuata kwa baiskeli akibeba viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi, karanga, na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Njiani tulipishana na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makala, yaani mkaa, kutoka porini. Walikuwa wakinipigia kelele za kunitia moyo, mimi niliyebeba maji tu! Nawaheshimu sana wale watu. Tumbo nalo lilikuwa linajifunza: kula kidogo kila nusu saa hata kama hutaki, na kutokunywa maji matupu kwa pupa, kwa sababu maji mengi bila chumvi yanaweza kukuangusha vibaya kuliko kiu.

Cape Town tulianza gizani, kila mmoja na taa yake ya kichwani. Platteklip Gorge ni ngazi za mawe makubwa, na pale watu wa milimani walinipita, wengi. Sikuwafuata. Juu upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unasukuma wingu likamwagika ukingoni mwa mlima, na harufu ya vichaka vya fynbos ilikuwa kali kama dawa. Kisha njia ikaanza kuteremka, mawe yakiviringika chini ya viatu, na wale walionipita nikaanza kuwakuta mmoja mmoja, wakishuka kando-kando wameshika magoti. Yangu yalikuwa yanafanya kile yalichozoea.

Hout Bay niligusa usawa wa bahari, nikala viazi vyenye chumvi kituoni, nikaondoka. Giza lilirudi kabla sijamaliza. Baridi ilinipata kwenye kilima cha mwisho, nikavaa koti la mvua, nikatembea. Nilimaliza ndani ya muda uliowekwa, nikapewa medali, nikampigia mdogo wangu simu na wote wawili tukalia.

Medali nilimwonyesha mzee wa matofali. Aliigeuza mkononi, akauliza inauzwa bei gani. Nikamwambia haiuzwi. Akasema basi kichuguu nacho kitabaki hadi mwezi wa tano, mvua zikiisha, lakini safari hii nije na mabinti zake wawili, wana mbio sana.