Kamongo alivyonisaidia kufundisha silikanti

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mwanza, na klabu ya mazingira ya shule iko mikononi mwangu. Kilichokuwa kinanishinda ni habari za bahari. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona. Ukiwaambia papa potwe wa Mafia, wanakusikiliza kwa adabu tu.

Silikanti, samaki wa kale wa bahari kuu, ndiye aliyeniuma zaidi, maana kisa chake ni kitamu. Wataalamu walimjua kwa visukuku peke yake, wakaamini alishatoweka enzi za dinosaria, hadi Desemba 1938 meli ya uvuvi ilipomvua mmoja huko Afrika Kusini. Kwetu alianza kuonekana 2003, akinaswa na nyavu za jarife Kilwa na Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Utafiti wa 2021 ulikadiria kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake ni ya miaka kama 5 hivi. Samaki wa namna hiyo akivuliwa ovyo, atazaa saa ngapi?

Nikaona nimtafutie ndugu yake aliye jirani nasi. Huyo ni kamongo, samaki wa ziwa letu. Yeye na silikanti wanatoka ukoo mmoja wa kale, uleule uliozaa wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo.

Nilimpata kwa mzee mmoja anayetega ndoano kwenye matete upande wa Igombe. Nilipomwomba asimpige rungu la kichwa, alicheka. "Mwalimu, unanunua mboga au unafuga?" Kisha akaniasa: "Huyo usimpe kidole, ng'wanawane." Ni kweli, kamongo ana mabamba ya meno yanayovunja konokono pamoja na gamba lake.

Nilimsafirisha kwa bodaboda, ndani ya ndoo yenye maji kidogo, gunia bichi juu. Wengi wangejaza ndoo pomoni kwa huruma. Matamvua ya kamongo ni dhaifu, anategemea mapafu. Ukimzuia asifike juu kuvuta hewa, samaki huyo anakufa maji.

Darasani nilimweka kwenye beseni la kufulia, nikafunika kwa waya na tofali. Wakazunguka. Kwa muda hakuna kitu, mgongo mweusi tu na mapezi membamba mithili ya kamba za viatu. Kisha pua ikapanda, mdomo ukaachama, ikasikika "fyu", naye akazama tena huku viputo vikimtoka pembeni mwa kichwa. Msichana mmoja akapanda juu ya dawati: "Mwalimu, anahema!"

Hapohapo nikamchora silikanti ubaoni. Naye ana pafu, ila limesinyaa na kuzungukwa na mafuta, kwa kuwa anaishi kina kirefu asikopanda kuvuta hewa. Sasa maswali yakawa hayaishi. Wa Tanga ana hifadhi yenye jina lake, wetu je?

Nikawaeleza kwamba kamongo alipungua sana Ghuba ya Mwanza, na sababu mojawapo ni vinamasi kugeuzwa mashamba. Humo ndimo dume hutengeneza kiota na kulinda makinda. Kijana mmoja, ambaye kwao wana majaruba ya mpunga kando ya ziwa, akanuna: "Sasa sisi tule nini, mwalimu?"

Swali halali kabisa. Tuliligeuza mjadala wa klabu wiki iliyofuata, na hakuna upande ulioshinda. Kamongo tulimrudisha kwenye matete yaleyale. Mzee alitaka tumwachie yeye, nikamwambia huyu nilishamlipia.