Nilivyozuru Ise Jingu kwa mpangilio wa mahujaji

Nilipopanga kuzuru Ise Jingu, hekalu la Shinto lenye heshima kuu nchini Japani, niliazimia kufuata mpangilio wa mahujaji wenyewe: kuanzia Geku, hekalu la Toyouke, mungu wa chakula, ndipo niende Naiku, anakoabudiwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Wageni wenye haraka huiruka Geku, jambo ambalo silishauri hata kidogo, kwa kuwa iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Iseshi, na ndipo miungu huandaliwa chakula kila siku, asubuhi na jioni. Nililala mjini humo humo ili niwahi, maana milango hufunguliwa saa 11 alfajiri na hakuna kiingilio.

Naiku nilikwenda kwa basi. Baada ya kuvuka daraja la Uji, niliteremka hadi kwenye kingo za mto Isuzu zilizosakafiwa kwa mawe, nikanawa mikono. Mbele ya jengo kuu, wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Nami nikafuata kwa adabu. Kupiga picha kunaruhusiwa mpaka chini ya ngazi za mawe tu, na jengo lenyewe limezungukwa na nyua za mbao kiasi kwamba huonekana paa peke yake.

Kwa anayetaka kuona ujenzi kwa karibu, ushauri wangu ni asiondoke kabla ya kufika Aramatsuri-no-miya, hekalu dogo lililo nyuma ya lile kuu. Hapo nilisimama muda mrefu nikitazama nguzo za mti wa hinoki zilizochimbiwa moja kwa moja ardhini bila msingi wa mawe, na paa nene la nyasi ambalo ncha za mbao zake zilizopishana juu zimekatwa sambamba na ardhi, ilhali za Geku hukatwa wima. Kando yake pana kiwanja kitupu, kwa sababu kila baada ya miaka 20 hekalu hujengwa upya kwenye kiwanja cha pili, desturi iliyoanza Naiku mwaka 690. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013 na unaofuata ni wa 2033, hivyo mafundi seremala waliojifunza kazi ujanani hupata nafasi ya kuwafundisha wengine wangali na nguvu.