Taa za mbele: nilidhani ni balbu, kumbe waya

Siku ya kwanza

Gari yangu ina zaidi ya miaka 20 na usiku taa zake zinawaka njano ya kufifia, yaani ukipishana na mtu mwenye taa nzuri zako ni kama umezima. Plani ilikuwa rahisi tu, natoa balbu za H4 (aina ya balbu za uzi) naweka za LED nakwenda kulala. Nikaazima seti moja nikajaribu ukutani kabla sijanunua, na nashukuru nilifanya hivyo maana mwanga ulikuwa mwingi kweli lakini umetapakaa mpaka juu, ule mstari wa dimu (mwanga wa chini) unaokata mwanga haupo kabisa. Kile kikombe cha taa kimechongwa kufuata uzi wa balbu unaowaka pale pale ulipopangwa, ukichomeka kitu chenye umbo lingine mwanga unarushwa hovyo na anayeumia ni yule anayekuja mbele yako. Nikazirudisha. Za wati 100 nazo sizitaki, nimeshaona soketi zilizoyeyuka.

Siku ya pili

Leo nimeshika multimita tu. Injini inaunguruma, dimu zimewashwa, kwenye betri nasoma volti 14.1. Nikahamia nyuma ya balbu ya kushoto, nikapenyeza sindano za mita kwenye soketi bila kuichomoa (muhimu hiyo, ukichomoa balbu umeme hautembei na mita itakwambia kila kitu kiko sawa), nikasoma 11.6. Nikarudia mara tatu nikidhani mita imechoka. Volti mbili na nusu zimepotelea njiani! Na mwanga wa balbu hizi haushuki sawasawa na volti, unaporomoka kwa kasi zaidi, kwa hesabu yangu nilikuwa nabaki na kama nusu tu ya mwanga niliotakiwa kupata.

Sababu nikaiona nilipofuatilia waya. Umeme wote wa taa unatoka betri, unaingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, ndo unarudi tena mbele, kwa waya mwembamba wenye umri wa gari yenyewe. Dimu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampia 9, afu njia yote hiyo.

Wikendi ya kwanza

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya wa zamani unabaki na kazi ndogo tu ya kuamsha rilei, haivuti hata robo ampia, na umeme wenyewe wa taa unatoka betri moja kwa moja kwa waya mnene. Nimetumia rilei mbili, moja ya dimu moja ya fulu (mwanga wa mbali), waya wa milimita za mraba 2.5, na kila rilei ina fyuzi yake ya ampia 15 iliyokaa karibu kabisa na betri. Sio karibu na taa jamani, karibu na betri, maana waya ukichubuka katikati na kugusa bodi, kipande kilichoko kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Na athi, ule waya wa taa unaorudisha umeme kwenye bodi, nimeweka mpya, nimekwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa ndo nikafunga bolti.

Waya hasi wa betri nilishautoa kabla sijagusa chochote.

Sasa sikia ujinga wangu. Nimemaliza, nimefunga tepu vizuri kabisa, nikarudisha waya wa betri na taa zikawaka zenyewe. Ufunguo uko mfukoni! Nikakimbilia swichi nikaweka dimu, zikazima. Nikazima swichi, zikawaka. Nimekaa chini pale kama nusu saa nahisi nimeunguza kitu. Kumbe rilei niliyopewa ina miguu mitano, kila mmoja una namba yake, na ule wa katikati niliofunga waya wa taa ni 87a, sio 87. Rilei ikiwa imelala mguu wa 30, unaoingiza umeme, unaungana na 87a, ikiamka ndo inahamia 87, kwa hiyo gari yangu ilikuwa inafuata amri kinyumenyume kwa utii kabisa. Nikatoa tepu yote ile, nikahamisha waya mmoja tu.

Wikendi ya pili

Nimepima tena: betri 14.1, kwenye balbu 13.7. Balbu ni zile zile za zamani na sasa zinatoa mwanga mweupe, sikuamini.

Nikasugua na lenzi za plastiki maana zilikuwa na ukungu, msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 halafu 3000. Ukianza na 800 lenzi inakuwa mbaya kuliko ulivyoikuta, usiogope endelea. Mwisho nikapaka klia ya kuzuia jua, bila hiyo ukungu unarudi haraka.

Nikaelekeza taa upya pia, gari mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe, taa zangu zimeandikwa 1%, yaani mwanga ushuke sentimita 1 kila mita. Ya kulia ilikuwa inaangalia juu muda wote huu, mniwie radhi niliopishana nao.

Kilichobaki ni kufunga waya wa fulu upande wa kulia vizuri, unagusa bomba la rejeta. Na jana nimejikuta nimefungua mlango wa nyuma napima volti kwenye mota ya dirisha, lile linalopanda polepole. 10.9.